Ngumi ya Shilingi 200

Nilipigwa nikiwa katikati ya neno "nimeshakupa". Silabi ya mwisho sikuimaliza. Mdomo ulikuwa wazi, noti nimezikunja na kuzipachika katikati ya vidole vya mkono wa kushoto kama makonda wote tunavyozishika, sarafu ziko kiganja cha kulia, na macho yangu yote yako kwa kijana mwembamba aliyekuwa ananinyooshea kidole karibu na pua. Kilichofuata ni lami. Ngumi sikuiona, maumivu sikuyasikia, na sikujua hata kama nimeanguka. Niliona viatu vya watu vimenizunguka, nikawa najiuliza kwa nini viatu viko usawa wa macho yangu, na sarafu zangu zinabingirika kwenda mtaroni.

Ulikuwa mwaka 2014, kituo cha kwa Aziz Ali, Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, kama saa moja na nusu usiku. Nilikuwa na miaka 23, konda wa daladala ya Kariakoo na Mbagala Rangi Tatu, mwaka wangu wa tatu mlangoni. Nilijiona mzoefu. Nilishatukanwa, nilishavutwa shati, nilishatemewa mate, na mara mbili nilizichapa na wapiga debe na sikushindwa. Kwa hiyo niliamini kwamba siku ya kupigwa nitaiona ngumi inakuja, na nikiiona nitajua la kufanya.

Ubishi wenyewe ulikuwa wa shilingi 200. Nauli ilikuwa 400, yule kijana alinipa noti ya 1,000 tulipokuwa Bendera Tatu, nikamrudishia 400 na kumwambia, "Mia mbili yako ukishuka, kaka." Gari limejaa, watu wamebanana hadi mlangoni, chenji hamna. Alipofika kwake akadai. Nikasema nimeshakupa, na niliamini kweli nimempa. Nimeirudia ile safari kichwani mara nyingi sana tangu hapo, na nadhani mia mbili ile nilimpa mama mmoja aliyeshuka Sabasaba. Kijana alikuwa anadai haki yake.

Lakini aliyenipiga si yeye. Hilo lilinichukua siku kadhaa kulielewa. Kijana alikuwa na mwenzake, mtu mfupi, mpana wa mabega, amevaa jezi, ambaye tangu waliposhuka hakutoa neno. Suka wangu, yaani dereva, aliyaona yote kwenye kioo cha pembeni. Anasema yule mfupi alizunguka taratibu nyuma ya mwenzake, akaja kusimama ubavuni kwangu, akatazama huku na huku kama anayetaka kuvuka barabara, akashusha mkono wa kulia hadi usawa wa paja, halafu akaupandisha. Suka alipiga honi kunishtua. Sikuisikia. Konda husikia honi mia kwa siku, na hiyo ilikuwa mojawapo.

Taya lilivunjika sehemu mbili: karibu na sikio upande wa kushoto, ngumi ilikotua, na mbele kidogo upande wa kulia, ambako hakuna aliyenigusa. Nilipitishwa polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, nimeshikilia kidevu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli limejaa maji, kisha hospitali. Daktari aliponitazama alitaka kwanza kujua kama nilikuwa naongea wakati napigwa. Nikatikisa kichwa kukubali. Akanieleza kwamba meno yakiwa yameumana, pigo hugawanyika kwenye fuvu zima, lakini mdomo ukiwa wazi taya linaning'inia lenyewe, halina pa kujiegemeza. Shingo nayo inakuwa imelegea, maana mtu anayeongea hajajikaza, kichwa kinazungushwa ghafla na ubongo unatikisika ndani yake. Ndiyo maana ngumi ya kawaida, ambayo ungeiona ungeivumilia, inakuzimisha kabisa ukiwa hujaiona.

Nilifungwa nyaya kwenye meno kwa wiki 6. Mama alikuwa anasaga uji wa ulezi, anauchemsha, anauchuja mara mbili kwa kitambaa cheupe ili chenga isibaki, kwa sababu chenga moja ikinasa kwenye nyaya ilikuwa inanitesa usiku kucha. Alikuwa anakaa pembeni yangu nikinyonya kwa mrija, hasemi kitu. Namkumbuka zaidi mikono yake ikikamua kile kitambaa. Na konda asiyeweza kufungua mdomo aite "Mbagala, Rangi Tatu, moja moja!" hana kazi. Wiki hizo 6 deiwaka, konda wa kibarua cha siku, alishika mlango wangu, na nyumbani tuliishi kwa genge la mama.

Nilipofunguliwa nyaya nilikuwa na hasira moja tu: nijifunze ngumi nimtafute yule mwenye jezi. Nikaenda Tandika kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa bondia, anafundisha vijana masumbwi nyuma ya nyumba yake chini ya mwembe. Hapakuwa na ulingo. Palikuwa na gunia lililojazwa matambara, tairi, na kamba iliyofungwa kutoka mti hadi nguzo ya kuanikia nguo, ya kujifunzia kuinama na kupita. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Hakunipa glavu. Aliniambia, "Mwanangu, kabla hujaniomba nikufundishe kupiga, nionyeshe ulivyokuwa umesimama."

Nikamwonyesha. Akasimama yeye mahali pa yule kijana, akamwita bondia wake mmoja asimame mahali pa yule mfupi. Akaniambia nibishane naye kama siku ile. Nikafungua mdomo, na kabla sijamaliza neno kiganja chake kikagusa kidevu changu, taratibu tu, kama anayemgusa mtoto. Tukarudia. Kikagusa tena. Nikamwambia safari hii niko tayari, nimekutumbulia macho, jaribu. Kikagusa tena. Mara 5, 6, 7, kila mara kiganja kimefika mimi ndiyo kwanza nashtuka.

Halafu akarudi nyuma hatua moja ndefu. Akasema nibishane tena. Safari hii ili anifikie ilibidi asogeze mguu, na mguu ulipoanza kusogea nikauona, nikaweza kurudi. Akaniambia ndiyo hiyo, hakuna uchawi mwingine. Jicho linaona, akili inaamua, mwili unafuata, na kazi hiyo hata kwa kijana mwenye afya huchukua kama robo sekunde. Ngumi inayotoka karibu haihitaji muda wote huo. Kwa hiyo mtu akishakuwa umbali wa mkono wake, wepesi wako haukusaidii kitu, uwe bingwa au uwe muuza karanga. Umbali ndio unaokupa muda. Mtu asiyeweza kukupiga bila kupiga hatua amekupa ile robo sekunde.

Kocha alipenda kutukumbusha pambano la Floyd Mayweather na Victor Ortiz, Las Vegas, tarehe 17 Septemba 2011. Wengi wetu tuliliona kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyesha video. Raundi ya nne Ortiz alimpiga mwenzake kichwa kwa makusudi, refa akamkata pointi, na Ortiz akaenda kumkumbatia Mayweather kuomba radhi. Waliposhikana na kuachana, Ortiz akabaki karibu, mikono chini, macho yanamtafuta refa. Mayweather akamtandika ngumi ya kushoto, kisha ya kulia, na Ortiz hakuamka hadi hesabu ya kumi. Mtaani watu walibishana wiki nzima kama ule ni uungwana au si uungwana. Kocha hakuwa na haja na ubishi huo. Alituambia tumtazame Ortiz: bondia wa kulipwa, ameingia na mkanda wa dunia, yuko ndani ya ulingo alikokwenda kupigana, na bado ngumi imemkuta kama abiria aliyesinzia. Sasa wewe uliyesimama kituoni, kichwani una hesabu ya tajiri mwenye gari, unadhani utaiona?

Nilikaa chini ya ule mwembe karibu miezi 8, na yule mwenye jezi sikumtafuta tena.

Nimeishi na mafundisho yale miaka mingi sasa, mengine nimeyaongeza mwenyewe kutokana na barabara, na natamani kila kijana wa mlangoni, kila bodaboda, kila mlinzi wa baa ayajue kabla hajafika hospitali. La kwanza ni mikono. Siku ile mikono yangu ilikuwa na kazi nyingine, imeshika fedha, iko chini ya kifua. Kocha alinifundisha kuongea na mikono ikiwa juu, usawa wa kifua, viganja wazi vikimtazama mwenzangu, kama mtu anayesema "tulia basi kaka, tuelewane". Mswahili huongea kwa mikono toka azaliwe, hakuna atakayeona kwamba umejikinga. Ila mikono hiyo iko njiani; ngumi ikija haina budi kukutana nayo kwanza.

Na mikono iliyo wazi ina faida nyingine ambayo kwa mji wetu ni kubwa kuliko ya kwanza. Inaonwa na watu. Ukikunja ngumi, umati unaona wawili wanapigana. Ukifungua viganja, umati unaona mmoja anaomba yaishe. Kila aliyekulia Dar es Salaam anajua hatari ya kelele ya "mwizi!" Nimeona mtu amempiga mwenzake, na mara tu alipoona mambo yanamgeukia akapiga kelele hiyo, na dakika moja baadaye aliyepigwa ndiye anayetafuta pa kukimbilia. Kwa hiyo sema kwa sauti, watu wakusikie: "Kaka mimi sitaki ugomvi." Unasema na yeye, lakini unaongea na mama ntilie, na wapiga debe, na abiria walioko dirishani.

Salamu ya mkono nayo ina hatari yake. Mtu mliyekuwa mnatukanana dakika iliyopita ananyoosha mkono, "yaishe basi". Sisi tumelelewa kwamba mkono wa salamu haukataliwi, na yeye anajua hivyo. Ukimpa wa kulia, anaubana, anakuvuta, na wa kushoto unakukuta huna kinga. Tangu nimeona mwenzangu akichanwa nyusi namna hiyo, kwa mtu wa aina hiyo naweka mkono kifuani kwangu, naitikia kwa kichwa, "Yameisha kaka, Mungu akubariki," huku narudi nyuma. Kwa adabu za Pwani hiyo ni salamu kamili, hajadharauliwa mtu.

Kuhusu dalili, watu husema ngumi ya kushtukiza haina dalili. Zipo. Nimeziona mlangoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Anayetaka kukupiga hutazama pembeni kwanza, kama yule mfupi, anaangalia nani anamwona na nani atamzuia. Macho yakirudi hayakutazami tena machoni; yanatua kidevuni. Maneno yanakatika: aliyekuwa anatukana sentensi nzima anaanza kurudia neno moja, "eti eh? eti eh?", au ananyamaza ghafla. Anampa mwenzake simu amshikie. Anapandisha suruali. Mguu mmoja unarudi nyuma na bega la upande huo linaufuata. Wako wanaokuuliza swali la ajabu, "Kwani wewe kwenu wapi?", na wewe ukianza kutafuta jibu, wakati akili iko kwenye jibu, ndipo unapigwa. Na kuna aina moja inayowapata wengi: anageuka kana kwamba anaondoka. Unashusha pumzi, unajiona umeshinda, na yeye kule kugeuka ndiko anakovutia ngumi. Mtu akigeuka, nawe ongeza hatua nyuma. Usimsindikize na neno.

Neno la mwisho ndilo lililotuumiza wengi. Nikijiuliza kwa dhati nini kilinigandisha pale kwa Aziz Ali, si shilingi 200. Ni zile nyuso dirishani. Abiria walikuwa wanachungulia, wengine wanacheka, na mimi nikaona nikirudi nyuma hatua moja nitaonekana nimeogopa. Kurudi hatua moja ndiko kungeniokoa taya. Miaka ile hakuna aliyeniambia kwamba kurudi nyuma ni kazi ya mtu mwenye akili timamu. Mtaani tulifundishwa kwamba mwanamume hasogei.

Ngumi ikishatoka, kilichobaki ni kidogo, lakini kifanye. Umana meno. Kidevu kifuani, mabega juu. Kiganja peleka kisogoni kama unayechana nywele, kiwiko kikatangulia mbele ya uso. Mkono mmoja au yote miwili. Si pozi zuri la picha, lakini ngumi ikikutana na kiwiko anayeumia ni mwenye ngumi. Na kimbia. Sheria ya nchi yetu inakuruhusu kujitetea kwa nguvu inayolingana na hatari iliyokukabili, lakini hiyo unaieleza baadaye, mbele ya watu walioketi. Pale barabarani hesabu ni ya kufika nyumbani.

Nina sababu ya kusisitiza kukimbia, na sababu hiyo inaniuma hadi leo.

Mwaka 2016, viroba, zile pombe kali za vifuko, vikiwa bado vinauzwa kila kibanda (marufuku ilikuja Machi 2017), mpiga debe mwenzetu pale Rangi Tatu aligombana na mtu aliyekuwa amelewa tangu asubuhi. Waligombania sehemu ya kusimama. Alipigwa ngumi moja tu, na wala haikuwa kubwa. Ila alikuwa amesimama na mgongo kwenye ukingo wa zege wa mtaro, na alipoyumba kisigino kikagonga ukingo, akaenda chali. Niliusikia mlio wa kisogo chake kwenye zege. Sitaki kuufananisha na kitu.

Alizimia kama nusu dakika. Tukafanya yote ambayo hayafai kufanywa: tukamkalisha, tukammwagia maji, tukampiga vibao vya mashavu tukimwita jina. Akafumbua macho. Akauliza kofia yake iko wapi. Tukacheka kwa furaha, mtu kanunua soda, akanywa nusu, akasema yuko poa ila kichwa kinagonga. Akameza panadol mbili akaenda nyumbani kulala. Jioni alitapika mara mbili. Mkewe akadhani ni soda na jua. Asubuhi alikuwa anakoroma, haamki. Alifariki siku ya pili yake, hospitalini. Daktari aliwaeleza ndugu kwamba damu ilikuwa inavuja polepole ndani ya fuvu tangu mchana ule, inaubana ubongo, na kwamba zile saa alizoonekana mzima ndizo zilizokuwa saa za kumwokoa.

Aliyempiga alikamatwa, akashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Nilikwenda mahakamani mara mbili. Alikuwa anatetemeka. Mkewe alikuja na mtoto mgongoni, akakaa benchi moja na mke wa marehemu kwa sababu hapakuwa na benchi jingine, na wote wawili walikuwa wanatazama sakafu. Nyumba mbili zilibomoka kwa sababu ya futi mbili za kusimama.

Kwa hiyo kabla sijamtazama mtu mkononi, natazama nimesimama wapi. Nyuma yangu kuna nini? Mtaro, ukingo, ngazi ya gari, chuma cha alama ya barabarani? Nasogea kwanza, ndipo nazungumza. Na nikianguka, kidevu nakibana kifuani ili kisogo kisitangulie. Na yeyote aliyezimia kwa ngumi, hata kwa sekunde 10, hata akiamka anaimba, aende hospitali siku hiyo hiyo. Akiwa bado amezimia ila anapumua, mlazeni ubavu asipaliwe na matapishi au damu, msimkalishe, msimmwagie maji. Akirudi nyumbani asilale peke yake. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, maneno kuchanganyika, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine: hapo hakuna kusubiri kukuche. Tungejua haya mwaka ule, rafiki yetu angekuwa na miaka 38 sasa.

Mwaka 2021 nilikuwa bado mlangoni. Barabara ya Kilwa ilikuwa imefumuliwa kwa ujenzi wa njia ya mwendokasi, vumbi, foleni, watu wamechoka. Mtongani mtu mmoja akashuka akidai simu yake imeibiwa ndani ya gari langu, na kwamba mimi namjua mwizi. Walikuwa watatu. Mmoja anapiga kelele, mmoja anamshika mkono kumtuliza, na wa tatu, kijana mrefu mwenye kofia, kimya. Nilipomwona yule wa kofia moyo ulinipiga, nikasikia ladha ya nyaya mdomoni.

Nikasogea nyuma hadi bodi ya gari ikawa ubavuni kwangu wa kushoto, imeziba upande ambao wa kofia alikuwa anauzungukia. Nyuma yangu palikuwa wazi. Mikono ikapanda. Halafu nikafanya jambo ambalo Kocha hakunifundisha, lilinijia lenyewe: nikamwacha anayepiga kelele, nikamgeukia yule aliye kimya, nikamsalimia. "Na wewe kaka, habari za jioni? Hebu tusaidie, mwenzetu ana hasira." Watu wote wakageuka kumtazama. Akababaika. Alikuwa amejiandaa kwa yote isipokuwa kusalimiwa. Akaitikia, "Safi," kwa sauti ndogo, na akarudi hatua moja. Mtu aliyeonwa na watu 20 akiitikia salamu anapata tabu kurusha ngumi ya kuvizia.

Ngumi hata hivyo ilikuja, kutoka kwa yule wa kelele, baada ya kugeuka kana kwamba anaondoka. Ila nilikuwa nimeshaongeza hatua alipogeuka. Ikaniparaza kwenye kiwiko, akashika kiganja chake akipiga mayowe, nami nikakimbilia mlango wa mbele, suka akatoa gari. Mkono ulivimba siku mbili. Nilifika nyumbani nikala ugali na dagaa, nikatafuna mwenyewe. Mama alikuwa ananitazama nikitafuna, nami nilimweleza kwa nini nimechelewa.

Siku hizi nashika usukani, na mlangoni yuko kijana wa miaka 20. Kila asubuhi kabla hatujatoka Rangi Tatu nampa sarafu 10 za shilingi 200 aziweke mfuko wa peke yake, mbali na hesabu. Nimezitoa mfukoni kwangu, si za tajiri. Nimemwambia ni za ubishi. Mtu akidai chenji na wewe una uhakika umempa, mpe tena kutoka mfuko ule, usijitetee. Mwanzoni hakuelewa. Aliniambia, "Lakini mjomba, tukifanya hivyo si watatuona mabwege?" Nikamwonyesha taya langu, hapa chini ya sikio, akapapasa na kidole mahali mfupa ulipounga vibaya. Hajauliza tena. Siku nyingine sarafu zinarudi zote 10, siku nyingine zimepungua 3.

Juzi jioni pale Zakhem walishuka wawili. Nilikuwa natazama kioo cha pembeni, mguu uko kwenye breki. Mmoja alianza kufoka, mwingine akawa anazunguka. Dogo alirudi hatua moja kutoka kwenye mtaro, viganja vikapanda, akamwitikia kwa kichwa yule anayezunguka, "Shwari braza?" Kisha akaingiza mkono kwenye ule mfuko, akanyoosha sarafu kwa urefu wa mkono wake wote, mwili ukiwa nyuma. Mtu akaichukua. Dogo akadaka mlango, akagonga bodi mara mbili. "Twende suka!"